Nani Kala Papai?

Mtu yeyote mwenye kiwanja chenye miti ya matunda huku Tanga, ukimuuliza adui yake ni nani, atakujibu tumbili. Papai limetobolewa, tumbili. Mayai hayaonekani, tumbili. Muhogo umefukuliwa, kifaranga kapotea, pipa la taka limelala chali alfajiri, zote hizo kesi za tumbili. Nikiwasikiliza majirani zangu wa Kiomoni huwa najiuliza mnyama huyu analala saa ngapi. Maana jambo moja halina ubishi: jua likizama, tumbili hupanda mtini na jamaa zake, wakabanana huko mpaka kupambazuke. Kilichoibwa usiku hakukiiba yeye.

Sina nia ya kumtetea. Ana makosa yake tele na nitayafikia. Ila nimeona watu wenye akili zao wakizungusha kiwanja waya wa bei mbaya, wakafunga na taa za sola kila kona, kisha mapapai yakaendelea kutobolewa kama kawaida kwa sababu mwizi alikuwa popo. Popo na waya wapi na wapi? Dawa ya tumbili haimfai komba, ya komba haimfai ngawa, na ya ngawa ukimwekea nguchiro umetupa hela. Kwa hiyo kabla hujaenda duka la vifaa vya ujenzi, kagua kwanza. Ukaguzi hauna gharama, unataka tu uamke kabla uwanja haujafagiwa. Huku kwetu uwanja unafagiliwa chelewa alfajiri na mapema, na fagio hilo ndilo linalofuta ushahidi wote. Nyayo, manyoya, mbegu, kinyesi, vyote vimekwenda kabla mwenye nyumba hajanywa chai. Halafu tunabaki kubahatisha, na kila anayebahatisha anamtaja tumbili.

Binamu yangu anayeishi Marekani anatucheka. Katika kundi la WhatsApp la ukoo hutuma video za mnyama wanayemwita rakuni, mwenye weusi kuzunguka macho kama jambazi aliyejifunika kitambaa, mkia wenye pete, na viganja vya mbele vyenye vidole vitano ambavyo anavitumia atakavyo. Rakuni anainua mfuniko wa pipa, anaufunua, anaingia, anakula, anaondoka. Viganja vyake vina hisia kali kiasi kwamba anaweza kupapasa chini ya maji asipopaona na akajua ameshika nini. Anakula matunda, mayai, wadudu, samaki, vifaranga, mahindi, chakula cha paka na mabaki ya chakula cha binadamu. Anatoka usiku. Anakaa darini. Kila mji wa kule una mtu anayelipwa kuwatoa rakuni kwenye dari za watu.

Na hawakubaki Amerika Kaskazini kwao. Mwaka 1934 waliachiwa makusudi porini huko Ujerumani, karibu na ziwa la Edersee, jozi mbili tu, na leo mji wa Kassel ulio jirani na hapo unajulikana kwa rakuni wanaolala kwenye mapaa ya nyumba. Nikisoma hayo nakumbuka kunguru wetu hawa wenye shingo ya kijivu. Nao si wa hapa. Waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka, wakavuka hadi bara, na sasa hakuna kifaranga cha Tanga ambacho hakiwajui.

Rakuni sisi hatuna, na tushukuru. Lakini kazi yake yote ipo, ila imegawanywa kwa zamu. Tumbili ana mikono na ana mchana. Komba ana usiku wa juu ya mti. Ngawa ana usiku wa chini. Kanu ana banda la kuku. Nguchiro ana mayai, tena saa nne asubuhi bila haya. Mmarekani anapambana na mmoja mwenye ujuzi wa wote. Sisi tunapambana na wote, kila mmoja na ujuzi wake.

Tuanze na papai, kwa sababu papai linaandika jina la aliyelila.

Tumbili anaharibu kuliko anavyokula. Utakuta mapapai matatu manne chini, mabichi yakiwemo, kila moja limeumwa mara moja au mbili na kutupwa. Shina la jani limevunjika, na pengine kuna moja limebebwa mpaka juu ya ukuta likaachwa hapo. Anakuja jua likishachomoza, kisha anarudi alasiri, na mara nyingi utasikia kelele zao kabla hujawaona. Huku kwetu wanatokea upande wa Mto Mkulumuzi, kwenye vichaka vya mawe ya chokaa karibu na Mapango ya Amboni, na wamejifunza ratiba ya mtaa. Watoto wakishaondoka kwenda shule, hao wanaingia.

Popo naye haachi papai chini. Anakula lililoiva, huko huko juu, na kama tunda ni dogo, mfano pera, analichuma na kwenda kulila kwenye mti mwingine. Alama yake ni vidonge vya nyuzinyuzi vikavu vilivyotafunwa: anafyonza maji ya tunda na kuutema uchafu. Ukiona vidonge hivyo chini ya mwembe, na ukuta uliopakwa chokaa juzi una michirizi ya kahawia, usimwite mtu wa waya. Chukua gunia, funika mkungu au tunda lenyewe, basi.

Komba ni habari nyingine. Papai linabaki limening'inia, limeiva, ubavuni lina shimo, ndani limekombwa. Mbegu zimetapakaa kwenye majani. Na usiku uliotangulia ulisikia sauti ya mtoto anayelia mahali pasipo na mtoto. Sauti hiyo imewanyima usingizi watoto wengi wa pwani, na bibi zetu hawakufanya haraka kutuambia kwamba ni mnyama mdogo mwenye macho makubwa na mkia wa manyoya. Ilikuwa njia rahisi ya kutuweka ndani baada ya magharibi. Komba ana tabia ya kujikojolea viganja na nyayo, kisha anapita matawini na kuacha harufu yake. Ukipitisha pua kwenye tawi analolipenda, utajua. Wagema wanamfahamu zaidi kuliko mtu yeyote, kwa sababu anapanda mnazi usiku kwenda kulamba tembo kwenye kibuyu. Ndiyo maana mtu akizidisha tunasema kalewa kama komba.

Ngawa, ambaye wengine humwita fungo, hapandi mti. Ni mnyama mzito, anaweza kufika kilo 12 na zaidi, mwenye mabaka na ushungi wa manyoya mgongoni unaosimama akitishwa. Anakula yaliyoanguka. Anakula pia jongoo, wadudu, vyura, panya na hata nyoka, kwa hiyo ukimpima kwa haki ana faida. Nyayo zake unaweza kudhani ni za mbwa mdogo. Lakini ushahidi wake mkubwa ni choo. Ngawa anakwenda haja mahali pamoja, siku hata siku, na rundo hilo limejaa mbegu za matunda na vipande vya maganda ya jongoo. Nilipomwonyesha bibi mmoja wa jirani rundo la aina hiyo nyuma ya ukuta, baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana habari za watoto, aliinama akalitazama, akasema, "Mwanangu, huyu ni fungo. Tumbili hajui choo."

Bibi huyo huyo ndiye aliyenikumbusha habari za zabadi, mafuta ya manukato yanayotoka kwa ngawa. Ile harufu nzito ya ngawa inatoka kwenye tezi zilizo chini ya mkia, na zamani watu wa pwani na visiwani waliwafuga ngawa katika vizimba ili wakwangue mafuta hayo na kuyauza kwa watengeneza manukato. Mnyama tunayemfukuza jalalani alikuwa mali. Sasa hivi zabadi nyingi zinatengenezwa maabara, na ngawa amebaki na jalala.

Upande wa kuku mambo ni mazito zaidi, maana papai likiliwa unanuna, kuku akiliwa umepoteza ada ya mtoto. Hapa nako soma kwanza ulichoachiwa. Mayai yametoweka bila hata ganda? Mtafute kenge, au nyoka. Wote wawili wanameza zima zima. Maganda yamevunjwa vipande karibu na jiwe au ukuta? Huyo ni nguchiro, yule wa milia anayetembea kwa makundi. Analishika yai kwa mikono ya mbele, anageuka, analirusha kinyumenyume katikati ya miguu yake mpaka lipasuke kwenye jiwe. Nimekaa dirishani nikawatazama wakifanya hivyo na, Mungu anisamehe, nilichelewa kuwafukuza kwa sababu ilikuwa raha kutazama. Vifaranga vinapungua kimoja kimoja mchana kweupe bila damu wala manyoya? Angalia juu: kunguru au mwewe. Kuku mzima amekutwa ndani ya banda asubuhi, kichwa na shingo vimeliwa, mwenzake ameuawa akaachwa? Kanu.

Kanu ndiye anayewashinda mafundi. Ni mwembamba, ana madoa, mkia mrefu wa pete, na uzito wake ni kilo mbili hivi. Kichwa chake kikipita, mwili wote umepita. Anapanda, anaruka, anatembea juu ya kenchi usisikie kitu. Fundi mmoja wa mtaa wetu alimjengea mteja banda zuri la mbao, akagonga waya kila upande, akapiga kofi juu ya mlango akasema, "Hapa bosi hata mende hapiti." Ilikuwa kweli kwa upande wa ukuta. Lakini alipoezeka mabati ya migongo aliyalaza moja kwa moja juu ya boriti, na kila mgongo wa bati ukaacha uwazi wake. Ukiliangalia banda ukiwa umesimama huoni kitu. Ukichuchumaa ndani ukatazama juu, unaona mbingu. Nyumba nyingi za kuku za Tanga zina tundu hilo, na dawa yake ni vipande vya mbao vilivyochongwa kufuata migongo, au wavu uliokunjwa na kugongelewa kwa ndani.

Halafu kuna suala la waya wenyewe. Ule waya mwembamba wenye matundu ya pembe sita, unaouzwa kwa mita na kila mtu anauita waya wa kuku, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia mnyama asiingie. Meno ya mbwa yanaukata, mkono wa tumbili unapita, na kanu mdogo anajipenyeza kwenye ule wenye matundu makubwa. Unaotakiwa ni wavu wa chuma uliochomelewa, matundu ya mraba ya nusu inchi, angalau sehemu ya chini na kwenye madirisha. Ni ghali, najua. Bora banda dogo lenye wavu huo kuliko kubwa lenye matumaini.

Chini, kama hukumwaga zege, laza ukanda wa wavu juu ya ardhi kuzunguka banda kwa nje, upana wa sentimita 40 hivi, uufunike kwa udongo na mawe. Mnyama anayechimba huanza kuchimba palepale ukuta unapogusana na ardhi. Akikuta chuma hana fikra ya kurudi nyuma hatua moja na kuanzia hapo. Wamarekani wanafanya vivyo hivyo kwa rakuni na wengineo. Kama banda limeinuliwa juu ya nguzo, vika kila nguzo bati laini. Hili si geni huku, minazi imevishwa mabati shingoni kuzuia panya tangu wazee wetu, na kinachomzuia panya kupanda mnazi kinamzuia mnyama wa usiku kupanda nguzo. Bati liwe laini na pana, mkono usipate pa kushika. Mlango uwe na komeo na kifuli, maana kamba na msumari uliokunjwa tumbili anafungua.

Muhogo siusemei sana. Ukikuta miba myeusi na myeupe shambani, ni nungunungu. Ukikuta tuta lote limepinduliwa, ni nguruwe pori na hilo ni jambo la mtaa mzima. Ukikuta mzizi umegugunwa ukiwa bado ardhini, inawezekana ni panya buku, ambaye ndugu zake wanafunzwa pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wa kwetu hajapata nafasi ya masomo.

Sasa, mwizi umemjua. Watu wengi wanategemea hapo waambiwe dawa ya kufukuzia, na ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi haihusu kufukuza. Mnyama anakuja kwako kwa hesabu. Porini atafute chakula mchana kutwa, kwako anakikuta kimelundikwa pamoja, kitamu, na hakuna chui. Ongeza ugumu, punguza utamu, hesabu inageuka.

Cha kwanza, na mimi nakiweka juu ya waya na juu ya pilipili, ni kuvuna mapema. Papai likipata mstari mmoja wa njano, lichume. Lifunge gazeti, liweke ndani, litaiva vizuri tu. Embe dodo nalo likikomaa, bega likijaa, lichume likiwa gumu. Watu hubisha kwamba tunda la kuivia mtini ni tamu zaidi. Ni kweli, na popo anakubaliana nawe kabisa. Okota kila kilichoanguka jioni, si asubuhi, kwa sababu ngawa anakuja usiku. Mkungu wa ndizi ukianza kujaa uvishe kiroba.

Cha pili ni taka. Vichwa vya dagaa, ukoko, maganda ya embe, matumbo ya samaki wa jana kutoka soko la samaki la Deep Sea, vyote hivyo vikiwa kwenye shimo la wazi nyuma ya nyumba, umefungua mgahawa. Vitu vya nyama na samaki vizike, udongo wa kutosha juu yake, au vifunge kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka gari la taka lipite. Maganda ya mboga na matunda yanafaa mboji, lakini mboji nayo ifunikwe kwa majani makavu na bati lenye jiwe zito. Chakula cha paka kisilale nje. Pumba za kuku ziingie ndani ya debe lenye mfuniko. Tumbili akishajua pumba zilipo, utamkuta ameketi humo.

Maji yamesahaulika sana. Januari na Februari, upepo wa kaskazi ukivuma na vijito vimekauka, bomba linalodondoka chini ya mpera ni kisima cha wilaya nzima. Lirekebishe, funika mapipa, mwaga beseni la kufulia.

Matawi yanayogusa paa yakatwe. Komba anaruka mita mbili bila kujitahidi, kwa hiyo kukata tawi kwa upana wa mkono hakutoshi. Mpapai ukisimama peke yake mbali na miti mingine, bati shinani linasaidia. Ukiwa umekumbatiana na mwarobaini, bati ni pambo.

Kuhusu ua. Michongoma inazuia mbuzi na watu, na ikikatwa vizuri inapendeza, ila ngawa anapita chini na tumbili juu. Mnyaa vivyo hivyo. Mkonge ni ua wa heshima huku kwetu: Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, kati ya vipando 1,000 vilivyotoka Florida vilifika na uhai 62 tu, na kutokana na hivyo Tanga ikajengwa. Lakini nimewaona tumbili wakikaa juu ya mlingoti wa mkonge wakiangalia bustani yangu ya bamia kwa utulivu mkubwa. Mkonge ni wa kuzuia ng'ombe.

Pilipili inafanya kazi, kwa masharti. Twanga pilipili kichaa, loweka usiku kucha kwenye maji yenye vipande vya sabuni ya mche ili ishike kwenye majani, chuja kwa kitambaa, nyunyizia. Inawasha mamalia kama tumbili, komba, panya na ngawa. Ndege haiwawashi, ndiyo maana kuku anaweza kudonoa pilipili mbele yako kwa dharau na kunguru hatajali. Nyunyizia upepo ukiwa umetulia, usijishike macho, na mvua ikinyesha rudia. Masika hapa ni Machi hadi Mei, basi katika miezi hiyo utanyunyizia mpaka uchoke. Mimi naitumia kwa mahindi machanga na miche ya nyanya, vitu vyenye hatari ya muda mfupi.

Vitisho je? Sanamu ya mtu mwenye kofia, kanda za video za zamani zinazometa, sidii zilizotundikwa, redio ikizungumza peke yake, nyoka wa plastiki. Vyote vinafanya kazi kwa siku chache, kisha tumbili anajifunza. Usimdharau mnyama huyu. Mwaka 1980 watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha kazi waliyoifanya Amboseli, Kenya. Walirekodi milio ya tumbili ya kutahadharishana, wakaicheza kwa spika pasipokuwa na adui yeyote. Kwa mlio wa chui tumbili walikimbilia mtini. Kwa mlio wa tai walitazama juu au wakajificha kichakani. Kwa mlio wa nyoka walisimama wakachungulia majani chini. Mnyama anayewatofautisha adui zake kiasi hicho atashindwaje kuigundua kofia ya marehemu babu yako juu ya kijiti?

Kinachomsumbua ni mtu halisi asiye na ratiba. Badilisha saa za kutoka bustanini. Toka mlango wa nyuma leo, wa mbele kesho. Akikuona, mfuate mpaka nje ya kiwanja, usisimame barazani ukipiga kelele. Kelele za barazani amezizoea. Mbwa anasaidia kwa wanaofuga, na kwa nyumba nyingi za huku zisizofuga mbwa kwa sababu za dini, hakuna ubaya, kazi itafanywa na watu na komeo. Mwenye mbwa amchanje kila mwaka.

Na tusimlishe. Wageni wanaokuja kutembea wakamtupia ndizi ili wapige naye picha, wanaondoka jioni hiyo hiyo; Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo. Tumbili anabaki, ameshajifunza kwamba binadamu ana ndizi mkononi, na kesho anamnyang'anya mtoto andazi njiani. Akikuuma au akikukwaruza, au ukiumwa na mnyama mwingine yeyote wa mwituni, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo dalili zake zikishaanza hauna tiba.

Kuna wanaouliza, kwa sauti ya chini, kuhusu sumu. Jibu langu ni hapana, na si kwa sababu ya huruma peke yake. Sumu haichagui. Atakufa paka wako, kuku wa jirani, na bundi, ambaye licha ya yote tunayomsingizia anakula panya usiku kucha bure. Na kuna sheria. Wanyamapori wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na kuua au kukamata bila kibali ni kosa, hata kama mnyama yuko juu ya mpapai wako. Kundi likizidi, au nyani wakubwa wakianza kuingia majumbani, mwenyekiti wa mtaa aandike barua kwa afisa wanyamapori, au kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kanuni za kifuta jasho kwa waliotiwa hasara na wanyamapori zipo tangu 2011, zinahusu wanyama wakali kama tembo, kiboko na mamba. Sijasikia aliyelipwa kwa ajili ya papai.

Kumtega mnyama na kwenda kumwacha mbali nako hakusaidii. Majimbo kadhaa ya Marekani yanakataza kumhamisha rakuni hivyo, kwa sababu anapeleka magonjwa kwingine, mara nyingi anakufa kwa kutopajua alikopelekwa, na nafasi aliyoiacha inazibwa na mwingine. Kama chakula bado kipo, nafasi haikai wazi.

Hapo ndipo jirani anapoingia, na hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu kuliko kugonga misumari. Unaweza kuwa umeziba kila tundu na kuvuna kila papai, kama nyumba ya pili ina jalala wazi, njia yao inapita kwako. Lakini kumwambia mtu wa Tanga kuhusu taka zake kunataka adabu. Huendi mikono mitupu, na huanzi na taka. Nilikwenda kwa yule bibi na kikapu cha mihogo. Tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya mchele, tukamzungumzia mjukuu wake anayesoma Muheza, na chai ya tangawizi ikaja. Mwisho nikasema fungo amenenepa sana siku hizi. Akacheka, akasema anajua ninachotaka kusema tangu nilipobisha hodi.

Shimo lake limefunikwa sasa kwa mlango wa zamani wa kabati na tofali mbili. Kwa sharti lake: kijana wangu amchumie maembe yote yaliyokomaa kabla ya popo, kwa kuwa yeye ngazi hapandi tena, na nusu ya maembe ibaki kwangu. Rundo nyuma ya ukuta limekauka, haliongezwi. Ngawa bado yupo mtaani, nyayo zake nazikuta kwenye njia ya mtoni, anakula jongoo kama anavyotakiwa. Nguchiro ndio sijawamaliza. Wanaingia saa nne, banda likiwa wazi na kuku wako nje wakichakura, na kuku wangu mmoja amekataa kabisa kutagia ndani. Anataga chini ya mnyaa. Kila siku anabadilisha mahali, na kila siku nguchiro wanapapata kabla yangu.